Kelele Zilizotolewa Kwenye Kanda

Machogu,

Chai iko kwa thamosi. Ndizi ziko kwa sufuria, funika vizuri, kuku wasiingize midomo. Nimeenda kuchuna majani chai.

Asubuhi nimetazama ile sinema yetu ya kupigana uliyoniletea kwa flash. Picha inang'aa mpaka naona kamba iliyomshika yule jamaa akiruka kutoka ghorofani. Hapo ndipo nilianza kushuku. Risasi zinalia safi, Wazungu wanaongea Kiingereza chao, na hakuna wa kunitafsiria. Unasema fundi wa Kisii aliyeihamisha kutoka kwa kanda alitoa kelele tu. Alijiamulia, ama ni wewe ulimtuma? Na mbona kanda yenyewe haiko kabatini, na ufunguo unakaa nao wewe?

~~Leo usinitafute.~~ Jioni njoo unisaidie kubeba kikapu. Lakini uje na kanda, hata kama inakwaruza.

Marehemu baba yako aliitafsiri hiyo sinema kwa Kikisii, maikrofoni mkononi, akijirekodi kwenye hiyo kanda. Kila adui akianguka, alimfanya amlilie mamake, nami nikicheka nyuma yake.

Hizo kelele mlizotoa ni yeye.

Mama