Uzi wa Montréal

Mama,

Nguo nyeusi imechakaa. Kwenye mabega imegeuka rangi ya majivu, na wenzangu kwa masomo wamezoea, hakuna anayeuliza tena. Bado tunaivaa kwa sababu ya yaya Nadège, mukubwa wangu. Unajua mambo ya kwetu: mtoto wa kwanza njo anatangulia kuvua nyeusi na kushukuru watu, kisha sisi wengine tunafuata. Na yeye iko Montréal.

Jana alipiga simu. Ndugu yako, tonton Faustin, akaiweka juu ya meza, nyumba nzima isikie. Yaya alilia: "Tonton, makaratasi bado. Nikitoka huku, habataniacha nirudie." Tonton akamjibu: "Ndege si inaruka? Kule juu kuko shimo gani mu barabara?" Watu wakacheka kidogo. Ndipo akanigeukia. "Basi, weye mudogo njo utasema. Siku ya posho, Jumamosi hii, tunavua nyeusi. Tumechoka kungoja."

Minye, Mama! Minye uliyekuwa unanituma mukate narudi mikono mitupu, kwa sababu mwenye duka hakuniangalia na sikuthubutu kumwita.

Unakumbuka ule uzi? Mwaka yaya alipoenda, mwalimu wa jiografia alituonyesha kupima kwa uzi juu ya globu. Nilinyoosha uzi wako mweupe wa kushonea kutoka Lubumbashi mpaka Montréal, nikaukata pale pale. Karibu kilometa elfu kumi na mbili, kama ndege ingepita moja kwa moja. Nilikuletea nikifikiri utalia. Ukauweka kwenye kiganja, ukauangalia. "Njo ile tu? Ata kifungo haitoshe kushona." Halafu ukaufunga kwenye cherehani. Kila ulipokanyaga, uzi ulitikisika, nawe unasema yaya anatusalimia.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikusema hata kwenye kitubio. Nimechoka kukulilia. Jioni zingine nataka kulala tu, bila kukukumbuka. Na yaya nilimkasirikia, Mama, sana. Mpaka jana, niliposikia anavyovuta pumzi kwenye simu. Kama wewe ulipokuwa unajizuia kulia. Hasira ikaniishia, ikabaki uchovu.

Leo nimefunua cherehani. Ile robe ya manjano uliyonishonea inakosa bado kifungo cha shingoni. Hukufika pale. Nimefungua uzi wa Montréal, nikautia kwenye sindano. Niliogopa utaisha kati. Kila tundu nilipita nikivuta polepole, maana uzi wa kuongeza sikutaka.

Jumamosi nitaivaa ile robe ndani ya nyeusi. Nitavua wa kwanza, mahali pa yaya. Nitashukuru watu, nitataja jina lako na lake. Najua sauti yangu ni ndogo. Tonton atasema, "Paza!" Nitapaza, nakuahidi.

Pumzika, Mama. Hata mashine yako ipumzike.

Ila ile siku ulikosea. Uzi umetosha. Kipande kilichobaki nimekifunga fundo, nimekivuta kwa meno kama ulivyokuwa unafanya, na kifungo kimeshika.

Mudogo wako,
Carine