Mkono Kwenye Kona

Hettie mwanangu,

Sisi tu wazima, ila Aprili hii haina adabu: asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, na nguo nilizoanika juu ya boti zimelowa mara tatu. Mlinzi wa malango ya maji, kwenye mfereji tunaopita na boti, anauliza kama mumeo bado anashikwa na kichefuchefu akiona maji.

Baba yako anakula vizuri. Lakini kila tukifika kwenye kona au daraja anageuka nyuma na kuinua mkono, ile ishara yenu ya zamani ulipokuwa ukishika usukani wa boti tuliyoivuta nyuma yetu, maana kelele za injini hazikuwaacha msikilizane. Jana nikamwambia, "Mzee, unampungia nani? Boti ya nyuma tuliiuza Hettie alipoolewa."

"Acha utani, Mama Hettie. Mtoto atagonga daraja!"

Akabaki ameinua mkono, mvua ikimwingia ndani ya koti, akisubiri umwitikie. Nikainua wangu, pale pale ubavuni mwake. Akanitazama kana kwamba mimi ni mgeni. "Si wewe," akasema.

Jumapili tutapita chini ya daraja la kwenu. Tukishapita, simama pale juu, uinue mkono. Atageuka.

Mama yako,
Enid