Breki Kwanza, Ndipo Uamkie

Jumanne. Baridi ya Julai imeingia mifupani, na Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Nimekula, nimeota moto. Niandike sasa kabla sijaanza kujitetea.

Leo nusura nimuue Mama Eliakunda.

Nina miaka kumi na minane, na najifunza kuendesha lori la chama chetu cha wakulima wa kahawa. Ijumaa Mzungu mmoja wa polisi atanipima udereva, nikifaulu nipate leseni. Ila siendi kwake mpaka Mzee Shabani aseme nimeiva. Yeye ndiye dereva wa lori, mtu wa Tanga anayekaa Daraja Mbili, na wiki nzima amenihubiria neno moja: gari likisimama, vuta breki ya mkono. Nami nikiitikia tu, "Ndiyo, Mzee," huku nawaza wasichana wa Moshono watakavyonitazama nikiwa nimeshika usukani.

Asubuhi tulikuwa tunapanda kilima cha Moshono, lori tupu, Mzee Shabani kando yangu. Kando ya njia nikamwona Mzee Lomayani, wa rika la baba. Kwetu Waarusha kijana hampiti mzee hivi hivi. Unainamisha kichwa, anakugusa utosini, ndipo uende zako. Nikasimamisha lori, nikatoa kichwa dirishani. Niseme ukweli: haikuwa heshima tupu. Nilitaka anione.

Mkono wake ulipogusa nywele zangu, mguu wangu ukaachia breki.

Lori likaanza kurudi nyuma. Huko nyuma alikuwa jirani yetu, Mama Eliakunda, na mkungu wa ndizi kichwani. Nilisikia ukelele wake tu. Mzee Shabani akaivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, lori likasimama. Mama alikuwa amerukia kwenye mibuni, ndizi zimetapakaa njiani. Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Nilishuka nikaziokota moja moja, na uso wake sikuweza kuutazama.

Nilijua Ijumaa yangu imekwisha. Lakini Mzee Shabani hakufoka.

"Mwanangu," alisema, "heshima yako nimeiona. Lakini gari halimjui mzee wala mtoto. Lifunge breki kwanza, ushuke, ndipo uamkie." Kisha akaniamuru nirudi kwenye usukani. Heri angenitukana.

Alasiri tulikipanda tena kilima kile. Mama Eliakunda alikuwa akitoka sokoni, anataka kuvuka njia aende kwake. Alipotuona akasimama kabisa. Nikasimamisha lori. Nikavuta breki ya mkono, nikazima injini, nikatia gia, nikashuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ndipo nikamwendea.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba," aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye jiwe. Alilitazama muda mrefu. Nami nikasimama pale, jasho linanitoka kwenye baridi yote ile.

Akavuka.

Mzee Shabani hakunisifu. Alisema tu Ijumaa nije mapema na nivae viatu.

Nitafaulu? Sijui, na usingizi utakuwa wa kubembeleza mpaka siku hiyo. Ila nina hakika ya jambo moja: mama niliyemkimbiza asubuhi, alasiri amepita nyuma ya gari langu kwa mwendo wake wa kila siku.