Ehe Yangu kwa Mpiga Pasi

Chumba cha kando ya jiko,
Kwa Bi Kufuli,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Mkaza Mjomba na wote mlio chini ya paa hilo. Mgongo wako je? Mara ya mwisho uliniambia unakubana kwa kusimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu. Na Bibi, macho yake yanaendeleaje baada ya kupasuliwa? Mwambieni asiyafikiche hata yakimwasha vipi. Najua hasikii, lakini mwambieni.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mwili tu. Roho iko juu juu tangu jana, na chakula hakipiti. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu nitalia, na nikilia wewe utaanza kutafuta nauli.

Tafadhali usimsomee Mama barua hii. Yeye akiisikia ataacha kula kama mimi, halafu tutakuwa wagonjwa wawili. Mwambie tu kwamba nimeandika, nawasalimu, na sweta aliyonifumia inanitosha.

Unakumbuka siku ile mliponisindikiza ulivyonitania, kwamba serikali nzima imekosa kazi ya kunipa ila kusikiliza shida za watu? Chuo kilitutuma huku tukae mwaka mzima kwa watu wasio wetu, tule nao, tulale kwao, tufanye kazi kwa lugha yao. Walimu wetu walisema mshauri nasaha aliyekulia mtaa mmoja huwasikia watu wa mtaa huo tu. Niliyaandika maneno hayo vizuri sana, nikayajibia mtihani, nikafaulu. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kuyafikiria.

Ninaishi kwa mama mmoja mjane niliyembatiza Bi Kufuli. Jina hilo ni siri yangu na wewe. Ukimsimulia jambo anakutazama usoni, basi. Haguni, hatikisi kichwa, wala hakwambii "enhe, ikawaje." Siku za mwanzo nilidhani ananichukia. Nilikuwa namweleza vile mizigo yangu ilivyopotea njiani, nikafika katikati nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Upo?" Akashangaa kweli. "Niende wapi tena? Si niko mbele yako?"

Sisi, Mjomba, unajua tulivyo. Hadithi isiyoitikiwa hukatika njiani. Anayesikiliza kimya kwetu ama amelala ama amenuna. Wewe mwenyewe ukishaanza "ehe, ehe" na ile mashine ya kunyolea mkononi, mtu hukufungulia moyo wake wote, kumbe masikio yako yako kwenye mpira redioni. Mimi hiyo "ehe" nimenyonya nayo. Hata chuoni mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwamba najua kumwonyesha mtu kuwa niko naye.

Sasa sikia. Ijumaa Bi Kufuli aliongea zaidi kidogo ya kawaida yake ya kutoongea. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, machozi yananitoka, lugha yao nayo akiiongea haraka naambulia nusu. Nikawa naitikia. Jana nimerudi kutoka sokoni nakuta kitanda changu, begi langu na ndoo yangu vimehamia kwenye kijichumba kando ya jiko.

"Mama, vitu vyangu vimefanyaje?"

"Nimevihamisha. Si tulikubaliana?"

"Lini?"

"Jana. Nilikwambia mwanangu anakuja na mkewe, kile chumba kikubwa nataka niwape wao. Ukasema ehe. Nikakwambia huku kuna moshi. Ukasema ehe. Nikasema moyoni, huyu binti ana roho nzuri jamani."

Hapo ndipo aliponieleza, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwao anayesikiliza hunyamaza. Kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Na sauti ile yetu ya "ehe", kwao ni neno kamili. Maana yake nimekubali, fanya hivyo hivyo.

Nilicheka, Mjomba. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kitanda changu kipya chenye harufu ya moshi. Kisha nikamkumbuka mpiga pasi, kicheko kikaniganda mdomoni.

Ni mama mmoja anayepiga pasi kwenye duka la dobi, analea binti yake peke yake. Binti ameanza darasa la kwanza tu mwaka huu. Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu alinieleza kwamba alirudi kazini amechoka, mtoto akamwaga uji, akampiga kofi lililomzidi. Akasema, "Labda mimi sifai kuwa mama." Nikasema, "Ehe." Akasema labda mtoto akae kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mji wa mbali. Nikasema, "Ehe." Akasema baada ya muda mtoto atazoea, hatamkumbuka tena. Mjomba wangu, hapo pia nilisema "ehe", tena kwa sauti ya huruma, nikiwa nimeinama mbele kama nilivyofundishwa.

Alinyanyuka akanishukuru. Nami nikajisifu kwamba ameondoka mwepesi. Alhamisi alipaswa kurudi, hakuja.

Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi nililetwa huku makusudi nijue. Hicho ndicho kinachonitafuna. Siruhusiwi kumfuata mteja bila msimamizi wangu, na msimamizi harudi mpaka kesho. Nimempigia msimamizi simu, hapatikani. Nimekaa hapa na moshi wa Bi Kufuli nikijiuliza kama mtoto wa mtu ameshapandishwa basi kwa sababu ya mguno wangu. Niombee. Nitaendelea nikishajua lolote.

Ijumaa, 14 Juni

Mjomba, barua hii imelala chini ya mto siku tano. Sikuweza kuituma ikiwa nusu, ungekesha.

Jumatatu nilimsubiri msimamizi mlangoni hata kabla hajafungua ofisi. Ni mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, mwendo wake wa taratibu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa kimya chao kile, na ingawa sasa najua maana yake, kilinitisha kuliko kufokewa. Nilipomaliza alichukua koti lake akasema, "Twende kwa dobi."

Ndani ya duka lile kuna joto la kukausha mate. Mashati yananing'inia mpaka darini, mvuke unapanda, wanawake wanne wamesimama mezani bega kwa bega. Mpiga pasi alituona tulipoingia, hakuacha kazi. Nikasimama mbele yake nikaanza. Lugha yao niliyoisomea chuoni mwaka mzima ilinikimbia yote. Nilimwambia kwetu neno lile halina maana ya kukubali, ni sauti tu ya kusikiliza, kwamba sijawahi kufikiri yeye hafai, na kwamba nilikosa. Yeye alinyoosha kola, akageuza mkono mmoja wa shati, akageuza wa pili. Hakusema neno. Nikaona amenikataa. Alipomaliza shati akaiweka pasi wima.

"Kwa hiyo hukusema mimi ni mama mbaya?"

"Sikusema."

"Wala hukusema nimpeleke?"

"Sikusema, mama. Nilikuwa nakusikiliza."

"Nimempeleka Jumamosi," akasema. "Alinililia njia nzima. Mimi nikawa najiambia, yule amesomea mambo haya. Kama na yeye ameona hivyo, mimi ni nani wa kubisha?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hapo sizungumzi kwa kutia chumvi. Wenzake wote walikuwa wameacha kupiga pasi wakitutazama, kimya, wanasikiliza.

Alimgeukia msimamizi, akaongea naye kana kwamba mimi ni mojawapo ya yale mashati. Akamwambia ataomba ruhusa amfuate mtoto, ingawa hajui kama wifi yake atamtoa, maana wifi hana mtoto na amekuwa akimtaka huyu tangu msiba. Akamwambia pia kwamba akirudi angependa kuendelea kuja ofisini, ila kwake yeye msimamizi. "Huyu hapana." Nami nilishajifunza kufunga mdomo.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Kila simu ilipolia ofisini nilikuwa wa kwanza kuinuka. Bi Kufuli aliniona sili, akanipikia uji mzito, akaketi mbele yangu mpaka nikaumaliza. Sikumweleza habari za mteja, hizo ni siri ya kazi, na kwako nimeandika bila jina ili nisikosee mara mbili. Lakini nadhani alielewa kwamba kuna mtu amehamishwa kwa neno langu, kama mimi nilivyohamishwa. Alitaka kunirudishia chumba. Nilikataa, kwa maneno kamili safari hii, nikahakikisha amenielewa.

Msimamizi ameniuliza kama nataka kurudi nyumbani. Alisema si aibu, wengine hurudi. Nilimwomba siku moja nifikiri. Nikafikiri habari za duka lako, na Mama, na watu wanaocheka nikicheka. Mjomba, nilitaka kurudi kwa moyo wangu wote. Nimemjibu kwamba nitabaki. Akaniambia kwa miezi miwili sitakaa na mteja peke yangu, nitakaa pembeni tu, nitazame. Nimekubali, na bado naogopa. Huku kila ninachokifanya bila kufikiri sasa nakishuku: ninavyocheka, ninavyompa mtu mkono, ninavyosema pole. Sijui kingine kipi ninacho ambacho kwao ni neno.

Leo mchana wamekuja. Mama na binti yake. Sikuamini macho yangu, nikashika fremu ya mlango. Baadaye msimamizi alinieleza kwamba wifi alikataa siku mbili nzima, na mpaka sasa hawaongei. Mpiga pasi alinipita bila kunitazama, akaingia kwa msimamizi, mlango ukafungwa. Mtoto akaachwa na mimi kwenye benchi la varanda.

Ni kitoto chembamba, kina pengo la meno mawili mbele. Nikampa maji. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akanitazama sana.

"Ni wewe uliyemwambia mama anipeleke?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya watu wote, Mjomba, hata ya chuo, isipokuwa hili. Nikamwambia hapana, mama yako aliniuliza jambo nami nikamjibu vibaya kwa sababu sikuwa nimeijua lugha yenu sawasawa. Akafikiri.

"Lakini unaongea vizuri," akasema.

Kisha akasogea, akasogea tena, mpaka mwisho wa benchi, akakaa pale anapoweza kuushika mlango aliko mama yake. Akakishika kitasa kwa mkono wote, hakukiachia mpaka mlango ulipofunguliwa. Nilikaa upande wangu nikilia bila sauti.

Nisalimie Mkaza Mjomba, Bibi na macho yake, na mdogo wangu kitinda mimba, mwambie sijamsahau. Msalimie na fundi viatu jirani yako, yule mbishi. Mwenyezi Mungu awajalie afya, awaweke watoto wa nyumba hiyo karibu na mama zao, na anifungue masikio kabla ya mdomo.

Mpwa wako anayekupenda na anayekuhitaji,

Kiherehere