Kipimo Ambacho Jepkemei Hakupewa

Mwaka mzima sasa, Jepkemei, tangu utuache, na yule ng'ombe wako mweupe bado anakataa mkono wa mtu mwingine. Mama yako humkamua akiwa amevaa sweta yako ya kijani, ndipo anatulia.

Hapa Subukia hakuna aliyejifungua akakosa uji wako wa wimbi, ukiuleta mwenyewe kwa lile jagi la maua. Kanisani ulianzisha nyimbo kwa sauti ya juu sana, wenzako wakilalamika, "Shuka kidogo, Mama Fancy!" Hukushuka.

Damu ilipoanza, ukiwa na miaka hamsini na mmoja, kliniki walisema ni hedhi inayokoma. Tumbo likajaa, ukawa unatapika kila asubuhi. Wanawake wa chama wakakutania, "Hao ni mapacha?" Ukajibu, "Ni chapati za Fancy!" Mkacheka sana.

Mzaha ulikubalika. Lakini kuuliza kwa kweli, hapana. Kwetu mama aliyeozesha binti haulizwi habari ya mimba. Ni kumvunjia heshima. Yule daktari wa kliniki, kijana wa hapa hapa, aliinamisha macho akakuandikia dawa za tumbo. Mama yako alikuwa ameketi kando yako, akingoja daktari aulize. Hakuuliza.

Ulipokohoa damu ndipo hospitali ya Nakuru wakapima mkojo. Ilikuwa mimba zabibu, mimba isiyo na mtoto, na ilishageuka saratani ikafika mapafuni. Daktari wa huko alimwambia mama yako polepole, "Gogo, bibi yangu, ugonjwa huu una dawa, hata kwa mtu wa umri wake. Mmechelewa tu." Dawa ulianza. Mapafu hayakungoja.

Tulikuheshimu, Jepkemei, mpaka tukakuzika.

Siku hizi mama yako akimsindikiza mwanamke kliniki, hata mwenye mvi, husema kabla hajaketi, "Mpimeni mkojo kwanza." Wauguzi humcheka: "Gogo, na huyu naye ana mimba?"

"Pimeni. Mtacheka mkiwa na jibu mkononi."

Unakumbukwa na mumeo Kibii. Binti yako Fancy na mumewe Elphas. Mjukuu wako Jebet, aliyezaliwa baada ya wewe kutuacha, uji wa uzazi wake ukapikwa na mama yako na kubebwa kwa jagi lako. Na huyo mama yako, Cheptanui, ambaye uchungu haujamtoka.

Hatutakusahau kamwe, na hatutaona tena haya kuuliza.