Kioo Kilichozima Kwenye Ukungu

Miembeni, Bukoba
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Mama, na umfikishie Taata, mume wako, shikamoo yake kabla hujageuza ukurasa, maana najua ukishaanza kusoma humsikii mtu. Goti lake linaendeleaje? Mwambie dawa ile niliyomtumia ni ya kuchua, si ya kuwekwa dirishani ionwe na wageni. Mimi ni mzima, duka langu la kutengeneza redio na nyaya za magari linakwenda, na mwanao Audax ni mzima kabisa, anakula kuliko mimi. Hilo nimelitanguliza makusudi ili usome yanayofuata bila kushika kifua.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, wewe ukikasirika unakata simu. Barua huwezi kuikata. Utaiweka mezani, utazunguka kibanja, utapalilia migomba miwili mitatu, kisha utarudi kuimalizia. Basi kaa chini.

Jambo lenyewe ni la boti. Unakumbuka ukungu ulivyowakuta Audax na wenzake karibu na kisiwa cha Bumbire, GPS ikazima pamoja na kile kioo kinachoonyesha samaki na kina cha maji, wakaenda kama vipofu mpaka wakasikia mawimbi yakipiga mawe mbele yao. Tangu siku hiyo umekuwa ukimtaka Audax aache ziwa arudi Kamachumu kuchuma kahawa, na sikulaumu. Usilolijua ni kwamba Mzee Muhidini, mwenye boti, naye uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alishabadilisha betri, alishanunua GPS nyingine, na bado vyote viliendelea kuzima. Akamwambia Audax mbele ya wenzake kwamba Jumatano boti inarudi Bumbire, na kama mpaka hapo chanzo hakijajulikana, usukani utapewa mwenzake Evarist. Alisema hawezi kuendelea kuwakabidhi watoto wa watu kwa nahodha ambaye kila kifaa kinafia mikononi mwake.

Audax alinijia dukani na kile kioo kimeviringishwa kwenye fulana. Hakunisalimia. Alikiweka mezani akasema nikitengeneze au nikitupe. Mama, wewe unamjua, tangu utotoni akiumia halii, anakuwa mkali tu, na siku hiyo alikuwa mkali sana. Nikamwambia sitengenezi wala situpi kabla sijajua kinaumwa nini. Nikakiunga kwenye betri ya dukani, nikaendelea na kazi zangu. Kiliwaka kutwa nzima bila kupepesa, wateja wakidhani nimeleta televisheni ya aina mpya. Nikajua kioo hakina kosa, kosa liko botini. Ijumaa nikafunga duka, nikachukua mita yangu ya kupimia umeme, nikapanda gari la Muleba mpaka mwaloni, pale zinapoegeshwa boti za uvuvi. Nilikuwa nimeapa kwamba sirudi Bukoba bila jibu, na mimi nikiapa unanijua, umenizaa mwenyewe.

Pale mwaloni nilimkuta Rugaibula, yule mwenye kushughulika na injini, ambaye kubishana kwake ni chakula. Aliniambia nisijisumbue, vifaa hivi havipendi ziwa, na mafundi wameshakuja wakashindwa. Ni kweli walikuja. Kila mmoja alipima betri, akakuta ina volti kumi na mbili na zaidi, akawasha kioo, kikawaka, akala sangara wake wa kuchoma akaondoka. Mimi nami nilipima, nikakuta hivyo hivyo. Nilikaa ukingoni mwa boti nimenuna. Nilikuwa nimekuja kuwa mjanja kuliko wao, na mita ikawa inaniambia yale yale waliyoambiwa wao.

Ndipo nikamwomba Audax anisimulie upya ile siku ya ukungu, ila asiniambie alivyoogopa, aniambie mikono yake ilifanya nini. Akasema ukungu uliposhuka waliwasha taa zote kubwa ili boti nyingine ziwaone, na kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanaingia, wakawasha na pampu ya kutoa maji. Nikamwuliza kioo kilizima lini. Akafikiri, akasema palepale. Mama, nilisimama nusura nitumbukie majini. Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuwasha taa pale ufukweni, nani awashe taa mchana wa jua kali? Muda wote walikuwa wanapima boti iliyolala.

Nikawaambia wawashe kila kitu. Walinicheka, lakini wakawasha. Kioo kikafa mbele ya macho yetu, jua la saa nane likiwa kichwani, wala ukungu haukuwepo. Rugaibula mwenyewe akanisogezea mita, na hiyo peke yake ingetosha kuwa habari ya kuandika barua. Nikapima nyuma ya kioo, volti tisa. Nikapima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kumi na mbili. Maana yake umeme ulikuwa unatoka mzima unafika pungufu, kama lile bomba la shuleni kwetu lililojaa tope. Ukifungua koki moja maji yanatoka, mkifungua wote, wa mwisho anaambulia upepo. Basi nikaanza kuufuata waya kipande kwa kipande, taa zikiendelea kuwaka. Upande wa chanya nilipita kwenye fyuzi, kwenye swichi, kwenye kila kiungo, kote kuzuri. Ukabaki upande wa hasi, na hapo ndipo Audax alipoanza kunizuia.

Alisema kule nisihangaike, amefunga mwenyewe. Kichwa cha hasi kilikuwa kimepakwa grisi na kuzungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyevunjika mguu. Akasema nikiuvua mpira maji yataingia. Akasema jua linazama, tuangalie kwingine, na jua lilikuwa bado juu kabisa. Nikamwambia akitaka kunitoa hapo anibebe. Hakunibeba. Alikwenda akakaa mbele ya boti, akanipa mgongo. Nikachukua kisu nikaukata ule mpira.

Mama, chini ya nati, katikati ya kichwa cha betri na waya wake, palikuwa na medali ya Bikira Maria. Ni ile uliyompa siku alipokabidhiwa unahodha. Ulimwambia aiweke pale penye uhai wa boti. Mwingine angeitundika mbele, lakini yeye alifikiri kwamba nusu ya wenzake ni Waislamu na boti ni ya Mzee Muhidini, akaona si adabu kuwawekea machoni. Akajiuliza uhai wa boti uko wapi, akaona uko kwenye betri. Hata betri ilipobadilishwa aliihamisha kwa mkono wake mwenyewe kabla mtu hajaona. Madini yake ni mepesi, si ya kupitishia umeme namna ile, na kwa maji ya ziwa yalikuwa yameliwa na kuota ukoga mweupe. Kioo kikiwaka peke yake, umeme ulijipenyeza ukatosha. Taa na pampu zikidai fungu lao, kioo kilikosa.

Audax alitazama ile medali kiganjani mwangu, kisha akaniomba nimwambie Mzee Muhidini kwamba ni nati iliyolegea. Hakuwa anajitetea yeye. Alisema hawezi kusimama mbele ya wanaume waliokaribia kufa akawaambia kilichowazimia kioo ni zawadi ya mama yake. Alisema afadhali Evarist achukue usukani. Na akanikataza katakata nisikwambie wewe. Nililia Mama, sikufichi, na kulia kwangu na hasira vilikuja pamoja. Nikamwambia watu hao wamemwamini na roho zao, hawawezi kulipwa hadithi ya nati. Nikamwambia kama haendi yeye nitakwenda mimi, na mimi nitasimulia vibaya.

Alikwenda mwenyewe. Mzee Muhidini alikuwa kwenye kivuli cha banda la samaki pamoja na wavuvi wote wa boti. Audax alieleza kila kitu, hakuacha neno, kisha akafungua kiganja. Yule mzee aliichukua medali, akaigeuza, akaifuta grisi kwa kanzu yake nyeupe, ile ya Ijumaa, akamrudishia. Halafu akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama karatasi nayo inakula umeme, kwa sababu mkewe, Bi Ashura, aliweka karatasi ya dua ndani ya sanduku la fyuzi tangu boti inachongwa. Nilimjibu kwamba haili umeme ila inaweza kushika moto, aihamishie mahali pakavu. Wote walisikia, maana mwaloni hakuna kunong'ona, wakacheka mpaka Rugaibula akakaa chini. Mzee naye akacheka. Usukani umebaki kwa Audax.

Nilikisugua kichwa cha betri kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakaza waya juu yake bila kitu chochote katikati, tukawasha vyote kwa pamoja. Kioo hakikupepesa. Tukaviacha hivyo tangu pale mpaka watu walipokwenda kuswali magharibi, na hakikupepesa.

Najua sasa umeshika kifua, na ndiyo maana nimevunja katazo la mdogo wangu. Jana uliponipigia ulisema umemnunulia Audax medali kubwa zaidi, imeshabarikiwa, na kwamba aiweke palepale ilipo ya kwanza ili ziwe mbili. Nilinyamaza, ukafikiri mtandao umekatika. Haukukatika, nilikuwa natafuta maneno. Mama, usijilaumu hata kidogo. Ulimpa mwanao ulichokuwa nacho, na yeye akakiweka mahali alipopaona ni pa thamani kuliko pote. Ile ndogo sasa anaivaa shingoni, chini ya jaketi la kuokolea maisha, ambalo zamani alikuwa akilikalia kama mto. Akija Krismasi usimwambie kwamba unajua.

Limebaki moja, na hili usilisome umesimama. Mzee Muhidini ameniomba nizikague boti zake zote, na nimekubali. Lakini boti haipimwi ikiwa imefungwa kamba ufukweni, hilo nimejifunza kwa jasho. Inapimwa ikiwa majini, taa zinawaka, pampu inavuta, mawimbi yanaitikisa. Kwa hiyo Jumatano naondoka nao kwenda Bumbire, Audax akiwa usukanini na mimi nimekaa na mita yangu. Sikukuuliza kwanza kwa sababu jibu lako nilikuwa nalijua. Ulikuwa na mtoto mmoja ziwani unayemlilia arudi, na mimi nimekuongezea wa pili. Nisamehe kwa hilo, lakini usiniambie nishuke.

Wasalimie majirani wote na wale wanakwaya wenzako, na Taata umwambie tena kuhusu goti. Barua hii nampa dereva wa gari la Kamachumu kesho alfajiri, na keshokutwa anarudi Bukoba. Ile medali kubwa usiirudishe dukani. Mpe dereva aniletee, nitaivaa mimi.

Ni mimi binti yako,
Georgina