Nakala ya Kusomwa na Yeyote

Jumanne jioni, Ilala

Basi nimetimiza. Sharti linasema utafiti uliolipiwa na serikali lazima nakala yake iwekwe maktaba, asome yeyote. Karani wa maktaba kaipiga muhuri nakala yangu, kaifungia kabatini.

"Na mtu akitaka kuisoma?"

"Alete barua ya mwajiri wake."

Nikasaini fomu kwamba imewekwa wazi kwa umma. Sikuhisi kitu, hata hasira.

Kurudi nikapitia Kariakoo kwa Mama Zuhura, muuza nyanya. Ndiye aliyenieleza, wiki nzima ya utafiti, wanawake wanavyohangaika kuuza nyanya tangu biashara binafsi iwe ruksa. Hajawahi kuajiriwa na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu chetu kiko wapi?"

"Kiko maktaba. Anasoma yeyote."

Akafurahi sana. Nilinunua fungu moja, akaniongezea nyanya mbili.

Nikazipokea.